Dawa na Saa Zake: Mazungumzo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mfamasia wa hospitali ya Serikali, aliyoyatoa mbele ya watumishi katika ukumbi wa wizara yao, Unguja. Yanachapishwa hapa kama yalivyosemwa, kwa faida ya watumishi ambao hawakuweza kuhudhuria na wananchi wote wa Unguja na Pemba.)



Nashukuru kwa kualikwa. Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya umuhimu wa kutumia dawa kwa usahihi. Nimeisoma barua hiyo mara mbili, nikaona kwamba umuhimu wenyewe kila mmoja wenu anaujua. Kwa miaka yote niliyokaa katika dirisha la dawa, hajanijia mtu hata mmoja akaniambia kuwa haoni haja ya kutumia dawa kama alivyoagizwa na daktari. Watu huitikia, hushukuru, na wengine huniombea dua. Baadaye ndipo mambo yanapoharibika: katika ile bahasha ndogo ya karatasi, katika saa ya ukutani, na katika siku ile ya tatu ambapo mgonjwa huamka akajihisi mzima. Kwa ruhusa yenu, nitazungumza juu ya mambo hayo na kuuacha umuhimu ujitetee wenyewe.

Nianze na bahasha. Juu ya bahasha za dawa huandikwa alama ambayo nyote mnaijua: 1 x 3. Sisi tulio upande wa ndani wa dirisha huisoma "kidonge kimoja, mara tatu kwa siku". Mama mmoja mtu mzima wa shamba aliulizwa na mwanafunzi wetu jinsi alivyoielewa alama hiyo, akajibu bila ya kusita kuwa ni vidonge vitatu vya kumezwa kwa pamoja. Mwanafunzi alicheka, nami nikamkanya, kwa sababu yule mama hakukosea hesabu. Skuli zote za Unguja na Pemba zinafundisha kwamba moja mara tatu ni tatu. Aliyekosea ni yule aliyeandika alama ya hesabu akitarajia isomwe kama sentensi. Basi ukipewa bahasha, usiondoke dirishani mpaka umemwambia mtoaji dawa, kwa maneno yako mwenyewe, utameza vingapi, saa ngapi na kwa siku ngapi. Ukikosea atakusahihisha hapo hapo. Akionekana kuudhika kwa kucheleweshewa foleni, muache audhike.

Jambo la pili ni saa, na hapa lugha yetu wenyewe imetutegea mtego. Daktari huagiza dawa "kila baada ya saa nane". Neno saa kwetu linabeba maana mbili, ya muda unaopita na ya wakati unaofika. Mgonjwa anaposikia saa nane, akili yake huenda moja kwa moja kwenye saa nane ya mchana na saa nane ya usiku. Nimekutana na kijana, mtu mwenye elimu nzuri tu, aliyekuwa akijiamsha usiku wa manane kumeza kidonge, kisha akangoja mpaka saa nane ya mchana kumeza kingine. Alitaabika kwa kukosa usingizi na bado alikuwa anapata mbili katika kila dozi tatu. Wataalamu wa lugha hutukemea tukisema "masaa", na sina shaka kuwa hoja yao ni nzuri. Lakini dirishani nimejifunza kusema "masaa manane yakipita", na tangu nianze kusema hivyo makosa haya yamepungua mbele ya macho yangu. Naomba radhi kwao.

Mtego mwingine unafanana na huo. Pakiti nyingi za dawa huandikwa kwa Kiingereza, na saa ya Kiingereza inahesabiwa kutoka usiku wa manane, ilhali yetu inahesabiwa kutoka alfajiri na magharibi. Palipoandikwa 8 ya asubuhi kwa Kiingereza, kwetu ni saa mbili. Kijana wa skuli anayemsomea bibi yake maandishi ya pakiti anaweza kumpotosha kwa masaa sita kamili, na akafanya hivyo kwa mapenzi makubwa.

Sasa kwa nini masaa yahesabiwe? Chukueni mfano wa amoksilini, dawa ambayo pengine hakuna nyumba kisiwani ambayo haijaipata kuiingiza. Ikishaingia katika damu, figo huanza kuitoa, na kwa mtu mzima mwenye figo nzuri takriban nusu yake huondoka kila baada ya saa moja na kitu. Dawa ni kama maji katika ndoo iliyotoboka: kazi yetu ni kuongeza kabla hayajafika chini. Mgonjwa akimeza saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, kama wengi wafanyavyo kwa kufuata chai, chakula cha mchana na kurudi nyumbani, anapata dozi zake tatu kwa idadi. Lakini kutoka jioni mpaka asubuhi ya pili anakaa masaa kumi na manne ndoo ikiwa kavu, na vijidudu vya maradhi havilali.

Watu wengi hawana saa ya kengele, na wenye simu huzizima wakalala. Hata hivyo hapa visiwani tunayo saa isiyohitaji betri. Kwa kuwa tuko karibu na mstari wa ikweta, nyakati za sala hazipishani sana kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Mwenye kuamka kwa Sala ya Alfajiri akameza kiasi cha saa kumi na moja, akameza tena baada ya Adhuhuri kiasi cha saa saba, na tena kabla ya kulala kiasi cha saa tatu usiku, amegawa siku yake katika mafungu matatu yaliyo sawa kabisa. Wenzetu wasiosali sala hizo wanazisikia adhana kama sisi, na adhana haimbagui mwenye kumeza dawa. Kwa dawa ya mara mbili, Alfajiri na Magharibi zinatosha. Kwa dawa ya mara moja, jambo la msingi ni kuchagua wakati mmoja na kuushikilia, isipokuwa pale daktari alipoutaja wakati wenyewe. Vidonge vya presha vinavyopunguza maji mwilini, kwa mfano, humezwa asubuhi, kwa sababu ukivimeza usiku utaamka mara nne kwenda msalani na kesho yake utavilaumu.

Nije sasa kwenye ile siku ya tatu. Mwaka 2003 Zanzibar iliachana na klorokwini, ambayo ilikuwa imeshindwa kuwaponya wagonjwa wengi wa malaria, na ikaanza kutoa dawa ya mseto ya atesuneti na amodiakwini, iliyomezwa mara moja kwa siku kwa siku tatu. Mseto maana yake ni dawa mbili zenye tabia mbili tofauti. Ya kwanza ni ya mbio. Huviangusha vimelea vya malaria kwa wingi na kwa haraka, homa ikashuka, kisha yenyewe ikatoka mwilini baada ya masaa machache. Ya pili ni ya taratibu, hubaki mwilini kwa siku nyingi ikifagia mabaki. Kwa hivyo mgonjwa anayejisikia vizuri siku ya pili hajidanganyi, ni kweli amepata nafuu. Lakini nafuu ile imeletwa na dawa ya mbio, nayo inahitaji kurudiwa. Akiweka vidonge vya siku ya tatu kwenye kabati "kwa ajili ya homa nyingine", vimelea vichache vilivyobaki ndivyo vile vilivyostahimili zaidi, na hivyo ndivyo vitakavyozaana.

Hapa naomba wasafiri wanisikilize. Mseto wa atemeta na lumefantrini, ambao wenzetu wa Bara wanauita ALu, hauna ratiba kama ya mseto ule mwingine. Una dozi sita. Ya pili humezwa masaa manane baada ya ya kwanza, na zilizobaki humezwa asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama maziwa au wali wa nazi, kwa sababu lumefantrini haiingii vizuri katika damu ya mwenye tumbo tupu. Kwa mtu mzima ni vidonge vinne kila dozi, jumla 24. Mtumishi aliyetumwa kikazi Dar es Salaam akaugua huko, akapewa ALu, kisha akarudi na kuimeza mara moja kwa siku kwa kuwa ndivyo alivyomeza dawa ya malaria ya nyumbani miaka ya nyuma, amejipa nusu ya matibabu. Majina ya dawa yanafanana na rangi zinafanana, kwa hivyo fuata bahasha iliyoko mkononi mwako na uache kumbukumbu ya mara iliyopita.

Maradhi ya kifua kikuu yametufundisha somo hili kwa gharama kubwa zaidi. Matibabu yake kwa kawaida ni ya miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Mgonjwa huacha kukohoa, hupata hamu ya kula na huongezeka uzito mapema sana, mara nyingi kabla ya miezi miwili kumalizika. Waliobaki mwilini wakati huo ni vijidudu vizito, vilivyojificha kama vilivyolala, na dawa huvipata pale tu vinapoamka. Ndiyo sababu ya ile miezi minne inayoonekana haina kazi. Tanzania ilipoanzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, kwa ushauri wa Dk. Karel Styblo wa Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu, ilijengwa taratibu ya kumuandikisha kila mgonjwa, kumuona kwa macho akimeza dawa katika kipindi cha mwanzo, na kumfuatilia mpaka mwisho. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliichukua njia hiyo na kuieneza katika nchi nyingi kwa jina la DOTS. Nalitaja jambo hili kwa fahari, maana mara nyingi tunasomeshwa yaliyotoka kwa wengine, na hili dunia imejifunza kwetu.

Lipo jambo dogo katika dawa hizo ambalo limewakimbiza wagonjwa wengi zaidi kuliko urefu wa miezi. Rifampisini hugeuza rangi ya mkojo, na hata machozi na jasho, ikawa ya machungwa au nyekundu. Mgonjwa ambaye hakuambiwa hudhani anakojoa damu, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeendelea kumeza kitu anachoamini kinamtoa damu. Ile ni rangi ya dawa tu, haina madhara. Lakini macho au ngozi ikigeuka manjano, hilo ni jambo jengine, na siku hiyo hiyo mgonjwa anatakiwa arudi hospitali.

Nimechelewa kufika kwenye presha, na nakiri kuwa nimechelewa kwa makusudi.

Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa karani wa Serikali kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa saa. Nyumbani tulikuwa tukijua wakati kwa kumuona akitoka na kwa kumuona akirudi, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi cha kwamba watu wa mtaani walimjia awaandikie barua za posa. Alipopimwa akakutwa na presha ya 180 kwa 110, alishangaa, kwani hakuwa na maumivu yoyote. Aliandikiwa dawa, na dawa ile nilimpa mimi kwa mkono wangu. Juu ya bahasha niliandika 1 x 1. Baada ya miezi miwili alipimwa tena, ikawa 130 kwa 80, akaambiwa kuwa presha yake sasa ni nzuri. Naye alifanya kile ambacho mtu yeyote muadilifu angefanya akiambiwa kazi imekwisha: aliifunga. Vidonge vilivyobaki alivirudisha kwangu, akanambia nimpe maskini mwengine. Nilikuwa na foleni ndefu. Nilivipokea, nikamuamkia, nikaendelea na kazi.

Miezi michache baadaye alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa. Aliishi miaka mingine minane, akili yake ikiwa nzima kabisa, na siku ya kupokea kiinua mgongo chake alitia alama ya kidole gumba.

Hakuna awezaye kuapa kwamba angeendelea na dawa yasingempata. Kiharusi huwapata hata wanaomeza. Lakini nayajua mambo mawili kwa yakini. Presha ya juu, kwa watu wengi, haina dalili, na kwa hivyo hakuna siku ambayo mwili utakwambia "sasa acha" au "sasa anza". Na kipimo kizuri anachopata mtu akiwa kwenye dawa ni kazi ya dawa. Ukiiondoa, presha hurudi ilipokuwa, na kwa baadhi ya dawa, kama vile atenololi na nyengine za jamii yake, kuziacha kwa ghafla kunaweza kuupa moyo mshituko mkubwa. Maneno hayo mawili ningeweza kumwambia ami yangu kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kuandika ile 1 x 1. Tangu siku hiyo, kila anayekuja dirishani kwangu na cheti cha presha au cha sukari, namuuliza: "Siku ukiambiwa umekuwa mzuri, utafanya nini?" Wengi hunijibu kwamba wataacha.

Wala tusidhani kuwa huu ni udhaifu wetu sisi tu. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti juu ya jambo hili, likaeleza kuwa hata katika nchi tajiri, kwa wastani, nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu ndio wanaotumia dawa zao kama walivyoagizwa.

Mtu akisahau dozi afanye nini? Kwa dawa nyingi, aimeze mara akumbukapo, isipokuwa kama wakati wa dozi inayofuata umekaribia. Hapo aiache iliyopita na aendelee na ratiba yake. Asimeze mbili kwa pamoja ili kulipa deni. Deni la dawa halilipwi kwa namna hiyo. Wanaotumia insulini, dawa za kifafa au dawa za kuifanya damu iwe nyepesi waulize mapema, kabla ya kusahau, kwa sababu kila moja ina taratibu yake.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji maneno yake. Kila mwaka, wiki ya kwanza ya mfungo, wodi hupokea wagonjwa waliojipangia wenyewe. Dawa ya mara moja au mara mbili mara nyingi inaweza kuhamishiwa futari na daku, ingawa masaa hayagawiki sawa. Dawa ya mara tatu haiwezi kuhamishwa hivyo, na mtu asiikusanye yote usiku. Daktari anaweza kumbadilishia ikawa ya aina inayokaa mwilini muda mrefu. Wenye sukari ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Glibenklamaidi na insulini huendelea kuishusha sukari hata kama tumbo ni tupu, na mtu anaweza kuanguka kazini alasiri watu wakadhani ni uchovu wa saumu. Mgonjwa wa sukari ambaye anatetemeka, anatoka jasho jingi au anasema maneno yasiyoeleweka apewe kitu kitamu papo hapo, saumu au si saumu. Na kama amekwisha poteza fahamu, asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali. Sharia imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine, na ufafanuzi wake nawaachia Masheikh. Ombi langu ni kwamba mtu aende kwa daktari katika mwezi wa Rajabu au Shaabani, asingoje mwandamo.

Dawa pia huharibika kabla ya siku yake. Hewa yetu ina joto na unyevu, na vidonge vilivyotolewa katika karatasi yake ya asili vikatiwa katika kijaluba hulowa na kubadilika. Vikae penye kivuli na ukavu, mbali na jiko, mbali na choo, na mbali na mikono ya watoto. Kioo cha mbele cha gari ya Serikali nacho si kabati la dawa, nasema hivyo kwa sababu nimeona. Dawa ya watoto ya unga ikorogwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, mpaka kwenye alama ya chupa, itikiswe kila mara, na ikipita siku zilizoandikwa imwagwe hata kama imebaki nusu. Ipimwe kwa kijiko au kikombe kilichokuja nayo. Vijiko vya majumbani vinatofautiana, kimoja cha chai kinaweza kubeba karibu mara mbili ya chengine, na mtoto wa kilo nane hana nafasi ya kosa kama hilo.

Wenye insulini wasiokuwa na friji, au wenye friji isiyokuwa na umeme, wasikate tamaa. Sisi wa Unguja tuliishi bila ya umeme kwa karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, na chungu cha udongo kiliwasaidia wengi. Chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, baina yao ukajazwa mchanga unaomwagiwa maji kila siku, na vikawekwa kivulini penye upepo. Kwa sababu ya unyevu wa pwani, ubaridi wake haufikii wa friji, lakini huikinga dawa na joto la mchana. Kichupa kilichokwisha funguliwa, kwa aina nyingi za insulini, hustahimili wiki nne hivi nje ya friji, mradi joto lisipindukie kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti. Insulini iliyoganda kwa barafu itupwe hata kama imeyeyuka na inaonekana nzuri.

Kuhusu safari, kisiwa ni kisiwa. Bahari ikichafuka wakati wa kusi, vyombo havitoki, na aliyekwenda Pemba kwa siku mbili na vidonge viwili atajikuta siku ya nne hana kitu. Chukua vya safari na vya wiki moja ya ziada, uvibebe katika mfuko wa mkononi pamoja na cheti chako. Wavuvi wanaokwenda dago, na wachumaji wa karafuu wanaohama majumbani mwao msimu mzima, waombe dawa za muda wote kabla ya kuondoka.

Ndugu Wakuu wa Idara, ninayo maneno mafupi kwenu. Miongoni mwa mnaowaongoza wapo wanaomeza dawa kila siku kwa maradhi ambayo wasingependa yajulikane, na wengine huruka dozi ya mchana kwa sababu tu hawana pa kumezea bila ya kuulizwa. Wapo wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI, ambazo zikimezwa kila siku bila ya kuruka hushusha virusi mpaka visionekane katika vipimo, na mtu aliyefikia hapo na akabaki hapo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Jagi la maji safi katika ofisi, na mkuu asiyeuliza "hiyo ni ya nini?", ni msaada usiohitaji fungu la bajeti. Aidha, mtumishi akiomba ruhusa ya kwenda kliniki siku ya tarehe yake, naomba asiambiwe angoje wiki ijayo, maana dawa alizopewa zimehesabiwa mpaka tarehe ile.

Mwisho nina ombi kwa kila aliyemo humu. Safari ijayo mkija hospitali, njooni na dawa zenu zote katika kikapu: za hospitali, za dukani, za miti shamba, za kuazima kwa jirani, na zile ambazo hamkumbuki zilitoka wapi. Mara nyingi tunakuta katika kikapu kimoja dawa ile ile ya maumivu, parasetamoli, kwa majina matatu ya viwanda, na mgonjwa anazimeza zote tatu akidhani ni tofauti; na mtu mzima asipindukie vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, kwa majina yote kwa jumla, ili asiliumize ini. Hakuna atakayegombezwa. Zile bahasha zilizofutika maandishi ndizo ninazotaka kuziona zaidi, na kama juu yake bado panasomeka 1 x 3, nioneshni niandike upya kwa maneno.

Nipo tayari kwa masuali.